Mchana wa Makopo

Mama ntilie wetu kaenda msibani Pangani,
na umeme umekatika tangu saa tatu.
Cherehani kumi na moja kimya,
kama darasa lililoulizwa hesabu.
Sare za shule zimelala mezani bila mikono.

Tukachanga. Elfu kumi na nne,
elfu mbili ya Shekue imekunjwa ndogo kama hirizi.
Nikatumwa mimi, kwa kuwa nasoma bila miwani,
kwa Murtaza, Barabara ya Sita,
dukani ambamo dunia imepangwa rafuni kwa bei.

Murtaza yuko mlangoni, anajipepea kwa kalenda.
Nyuma yake friji linadondosha maji
kama mtoto aliyetoka kuoga.
"Cha baridi chote nusu bei," anasema,
"kabla sijakizika."

Basi nikachukua jibini nyeupe, imeanza kutoka jasho.
Jodari wa kopo, kavuliwa sijui bahari gani,
kapikwa Thailandi, kavuka maji yote hayo kuja Tanga,
na Sahare ipo pale pale,
na jodari wake wana macho.
Achari ya embe kutoka Bombei.
Mchuzi mweusi wa Kichina: sikujua hata herufi,
ila bibi wa kwenye picha alinichekea, nikamwamini.
Boflo tatu za jana. Tende robo.

Na kile kichupa.

Baba yangu alikata mkonge Ngomeni kwa Mgiriki mmoja
ambaye kila saa sita aliketi kwenye ngazi ya korona
akila kutoka kichupa kama hicho
vitu vya kijani, akitema kokwa mchangani.
"Macho ya mbuzi," baba alituambia.
Hakupewa. Hakuomba.

Mkasi wa kitambaa haukati mkate, hiyo ni sheria.
Tukamega kwa mikono, juu ya karatasi
iliyochorwa mabega ya darasa la nne.
Shekue akafungua kopo kwa bisibisi ya cherehani,
mafuta yakamrukia kiganjani, akalamba.
Fundi Kibwana akakamulia ndimu kila kitu, hata tende.
Mchuzi wa yule bibi ukatuchoma ndimi,
tukaigombea chupa.

Kichupa nikamsogezea Zeituni.
Ana miaka arobaini na sita, anaitwa hivyo tangu siku ya saba.
Chuoni tulilihifadhi tunda hili kwa sauti moja,
tukichapwa tukilikosea,
na hakuna aliyewahi kuliona, hata mwalimu.
Yeye hulitaja dirishani hospitali, benki, kwa wakwe,
kama mtu atajaye mji wa kwao
ambao hajafika.

Akachukua moja kwa vidole viwili, kama anachomoa pini.
Akauma.
Uso ukajikunja, pindo lililovutwa uzi.
"Kumbe mimi ni mchungu hivi!"
"Na chumvi," Kibwana akaongeza.
Tukacheka hadi Shekue akapaliwa.
"Na Hamadi wangu," akasema, "miaka kumi na tisa,
kafa bila kuniambia."

Hapo hatukujua tucheke au tunyamaze.
Mtu akauliza kama tende zimebaki.
Zeituni akachukua ya pili. Hakukunja uso.
Ya tatu.
Kisha akakivuta kichupa upande wake wa meza,
akakizungushia mkono
kama anayeficha jibu la mtihani.

Kokwa hakutema. Alizipanga moja moja
kwenye kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kola,
akafunga fundo, akatia ndani ya kopo la pini.
"Zitaota?" Shekue akauliza.
"Wewe kula," akajibiwa.

Umeme ukarudi saa nane na robo,
bila hodi, feni ikapeperusha makombo ya boflo,
na kila mtu akakimbilia mguu wa cherehani yake
akiwa bado anatafuna.
Shati moja la darasa la nne lina doa begani.
Nimelisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa chaki.
Halitoki.
Jumatatu mtoto wa watu atasimama mstarini
akinukia jodari wa Thailandi.